Uzi: Apu, vijana na hatua zilizoondolewa

1. Kila msimu wa kampeni kuna mjadala unaorudi kama mvua ya Aprili. Mmoja anashika maikrofoni na kusema, "Vijana wako kwa simu saa zote, sisi tutawatengenezea apu." Mwingine anajibu, "Hao vijana simu ndiyo imewaharibu, ni mikopo na kamari tu." Wote wawili wanapigiwa makofi na tunaenda nyumbani. Sitataja mtu wala chama hapa. Nataka turudi nyuma kidogo tuone apu zilizowahi kutushika zilitushika vipi. Ni ndefu, tafuta chai.

2. Nasoma sayansi ya siasa na hili jambo limenikaa kichwani tangu mwaka wa kwanza, nitasema kwa nini. Hoja yangu niiweke mapema ili usichoke bure: apu zilizovuta vijana hapa Kenya hazikuvuta kwa urembo. Zilivuta kwa kuondoa hatua. Foleni, fomu, safari, aibu ya kuomba. Shida ni kwamba hatua nyingine ni usumbufu tu, lakini nyingine ni mlinzi. Ukiiondoa, kuna mtu anabaki bila ulinzi. Kwa hivyo swali si "apu ni nzuri ama mbaya?" Swali ni: imeondoa hatua gani, na hatua hiyo ilikuwa inamlinda nani?

3. Tuanze na M-Pesa, ingawa haikuanza kama apu ya simu janja. Wengi wetu tulikuwa watoto. Kabla yake, mtu wa Nairobi akitaka kutuma pesa kijijini alikuwa na njia chache: aende Posta, ampe mtu anayesafiri, ama aweke kwa bahasha ampe kondakta wa basi na kuomba Mungu. Wengine walikuwa wameanza kusambaziana kredo na kuitumia kama pesa. Yaani watu walikuwa wameonyesha wanachotaka kabla mhandisi hajakaa chini kukichora.

4. Majaribio yalianza 2005, na lengo halikuwa kutuma pesa nyumbani. Lengo lilikuwa watu wa mikopo midogo walipe madeni kwa simu. Waliokuwa kwenye majaribio wakaanza kuitumia kwa mambo yao mengine, na waliobuni wakawa na akili ya kutobishana nao. Ilipozinduliwa Machi 2007, wito ulikuwa mmoja tu: tuma pesa nyumbani. Menyu ilikaa ndani ya laini, ikafanya kazi hata kwa mulika mwizi. Kabla ya mwaka kuisha ilikuwa imepita wateja milioni 1.

5. Sasa angalia hatua ambazo hazikuondolewa. Kitambulisho kwa ajenti. Kuandikwa kwa kitabu na kutia sahihi. Namba ya siri. Na baadaye hatua nyingine ikaongezwa: Hakikisha, ile inayokuonyesha jina la unayemtumia kabla pesa haijaenda. Hiyo ni hatua mpya iliyowekwa makusudi, ya kukupunguza kasi kwa sekunde chache. Je, vijana walikimbia? Hakuna aliyekimbia. Weka hiyo akilini, maana watu wa apu hupenda kusema kijana hawezi kuvumilia hatua hata moja.

6. Novemba 2012 ikaja M-Shwari. Hapa kilichoondolewa ni benki yenyewe: kwenda tawi, kuvaa vizuri, kukaa mbele ya meza ya mtu anayekuangalia viatu. Na mdhamini pia akaondoka. Mfumo uliangalia jinsi unavyotumia simu na M-Pesa, ukaamua unaweza kukopa ngapi. Kwa kijana asiye na hati ya shamba wala payslipu, hilo lilikuwa jambo kubwa, tusilidharau. Ada ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Ukiichukua kila mwezi kwa mwaka mzima hiyo ni asilimia 90. Lakini skrini haikukuonyesha mwaka. Ilikuonyesha mwezi.

7. Halafu simu janja zikashuka bei. 2014 ikaja Mkopo Rahisi, ambayo siku hizi tunaiita Tala. 2015 ikaja Branch. Baada ya hapo zikafuata nyingine nyingi hadi ukashindwa kuhesabu. Hizi zilikuwa apu zenyewe sasa, na ziliona kitu kizuri: SMS za M-Pesa zilizo kwa simu yako ni taarifa ya benki tosha. Zinaonyesha unaingiza ngapi, unatoa ngapi, unalipa nani. Kwa hivyo ukiingia, apu inaomba ruhusa: kusoma meseji, kuona namba zako, kujua uko wapi. Unabonyeza kubali, kubali, kubali. Hapo fomu ya benki ya kurasa kumi imegeuka kuwa vidole vitatu.

8. Sasa niwaambie yangu. Mwisho wa 2021 nilikuwa mwaka wa kwanza. Pesa za nyumbani zilichelewa, nikawa na kazi ya kuprinti na hakuna unga. Nikapakua apu moja, jina silitaji, nikaomba 1,500. Ikaingia 1,125. Zile nyingine zilikuwa "ada ya huduma", zimekatwa kabla sijazishika. Muda ulikuwa siku saba. Ilichukua dakika nne hivi, nikiwa nimelala kitandani. Nakumbuka nilifikiri: hatimaye kuna mtu anayeniamini bila kuniuliza maswali.

9. Siku ya nane wakaanza kunipigia. Siku ya tisa wakatuma SMS kwa watu walio kwa simu yangu. Mwalimu wangu wa sekondari akapata. Mwenyekiti wa chama cha mama akapata, ikisema mimi ni mwizi na nimemtaja yeye. Mwalimu alinipigia, hakuuliza habari ya deni, aliuliza kama nimekula. Mama yeye hakunipigia siku hiyo. Alienda kwa chama Jumamosi, akasimama mbele ya wenzake, akaeleza, na akalipa. Alinieleza miezi mingi baadaye, na hakunieleza yote.

10. Imenichukua muda kuelewa kilichotokea, na ndicho kiini cha uzi huu. Nilidhani apu ilimwondoa mdhamini. Haikumwondoa. Ilimficha. Kwa Sacco ama kwa chama, mdhamini anaitwa, anasomewa kiasi, anaweza kukataa, kisha anatia sahihi. Kwa apu ile, mama alikuwa mdhamini wangu bila kuulizwa. Mwalimu pia. Kila namba niliyowahi kuhifadhi ilikuwa mdhamini. Dhamana ilibaki pale pale. Kilichoondoka ni haki ya mdhamini kusema hapana.

11. Sasa twende kwa kamari, maana mjadala wa "simu imewaharibu" kwa kawaida unamaanisha hii. Zamani kamari ilikuwa na mlango. Kasino iko mjini, kuna askari pale nje, unaweza kuulizwa umri, na mtu wa kanisa lenu anaweza kukuona ukiingia. Kuanzia katikati ya muongo uliopita kamari ikahamia simuni na ikaunganishwa na M-Pesa. Mlango ukaisha. Utafiti wa GeoPoll wa 2017 ulipouliza vijana wa Kenya, asilimia 76 walisema wamewahi kubeti. Umri wa kisheria ni miaka 18, lakini simu iliyo mkononi mwa mtoto ina laini ya mtu mzima.

12. Hata hivyo, kubeti mpira kulikuwa na hatua moja iliyobaki: dakika 90. Ukishaweka pesa kwa mechi, inabidi usubiri. Katikati unaweza kuenda darasani, kula, kupata akili. Halafu ikaja ile michezo ya kindege. Kindege kinapaa, pesa inapanda, unatakiwa utoe kabla hakijapotea. Raundi moja ni sekunde. Pembeni unaona majina ya watu na walichoshinda, yanapita bila kuisha. Nawauliza wenzangu wa hosteli mbona hawarudi kwa mpira, wananiambia mpira uko slow. Hatua iliyoondolewa hapo ni muda wa kufikiri kati ya kupoteza na kujaribu tena. Mimi naona hicho ndicho walichobuni. Rangi ni kitu cha juu tu.

13. Januari 2019 ikaja Fuliza. Huyu kila mtu anamjua. Zamani ukilipia kitu na pesa haitoshi, simu ilikuambia haitoshi, basi. Sasa inamalizia malipo kwa deni, kuna ada ya kuingia na ada ya kila siku. Sisemi ni ubaya. Imeokoa watu wakiwa hospitalini na watu wakiwa stejini usiku. Lakini ukiiangalia kama mwanafunzi wa historia, unaona mstari ulionyooka. 2007 tuliondoa safari. 2012 tukaondoa benki. 2014 tukamficha mdhamini. 2019 tukaondoa hata lile neno "haitoshi".

14. "Serikali ilikuwa wapi?" Hilo ndilo swali la mijadala yote. Ilikuja, ila kwa kuchelewa. Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data 2019. Aprili 2020 Benki Kuu ikazuia wakopeshaji wa kidijitali wasiosimamiwa wasipeleke majina CRB, na ikasema mtu asiorodheshwe kwa deni la chini ya shilingi 1,000. Desemba 2021 sheria ya Benki Kuu ikarekebishwa ili wakopeshaji hao wawe na leseni, na kanuni zikatoka Machi 2022. Kufikia Septemba mwaka huo maombi yalikuwa 288. Waliopewa leseni walikuwa 10.

15. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data ikapiga faini ya karibu shilingi milioni 3 kampuni moja ya mikopo iliyotumia namba za watu wengine kutishia wadaiwa. Nilisoma hiyo habari mara mbili. Lakini kuna kitu kingine hakizungumzwi sana: Mei 2023 Google ilikataza apu za mikopo kwenye duka lake kuangalia orodha ya namba na picha za mtu. Fikiria hilo. Ule mlango uliotumiwa kumfikia mama yangu, uliofungwa kwa simu zote kwa pamoja, ulifungwa na kampuni ya Marekani. Kama unafuata siasa, hapo kuna swali la mamlaka: nani anatunga sheria za simu yako, mbunge wako au mwenye duka la apu? Kwa sasa ni wote wawili, na mmoja kati yao hukumpigia kura.

16. Serikali nayo ikajifunza uchoraji huo huo. Mwisho wa Novemba 2022 ikazindua mfuko wa mikopo, unabonyeza *254# na uko ndani. Kuanzia shilingi 500 hadi 50,000, asilimia 8 kwa mwaka, muda siku 14. Hakuna fomu, hakuna mdhamini. Lakini kuna hatua moja waliiweka makusudi: asilimia 5 ya mkopo inaenda kwa akiba yako, sehemu ya muda mrefu na sehemu ya muda mfupi. Unaweza kubishana kama mkopo wa wiki mbili unajenga biashara, mimi mwenyewe nina mashaka. Ila kwa mada yetu ni mfano muhimu: riba iliwekwa kwa mwaka badala ya mwezi, na kuna hatua iliyoongezwa. Watu bado waliingia kwa mamilioni.

17. Halafu Juni 2024. Mswada wa Fedha ulikuwa PDF ndefu ya Kiingereza cha mawakili. Hakuna aliyetutengenezea apu. Vijana walichukua zilizopo. TikTok ikawa darasa: mmoja anaeleza kodi ya mkate kwa Kikamba, mwingine kwa Kijaluo. Kwenye X watu walikaa usiku kucha wakisikilizana. Kuna waliotengeneza roboti ya kujibu maswali kuhusu mswada, unaandika swali lako kama unavyouliza rafiki. Wengine wakapakua Zello, inayogeuza simu kuwa kama redio ya askari. Hatua iliyoondolewa ilikuwa ile iliyo kati ya raia na maandishi ya sheria. Tarehe 25 watu wakapoteza maisha. Tarehe 26 mswada ukakataliwa kutiwa sahihi. Sitaandika hayo kama takwimu ya apu. Nayataja kwa sababu yalijibu wale wanaosema kijana hapendi siasa. Alikuwa amewekewa ukuta.

18. Lakini niwe mkweli. Siku hizo namba za wabunge zilisambazwa, na tukawatumia meseji maelfu kwa maelfu. Nilishangilia, nilituma pia. Usiku nikamkumbuka mama. Si ni mbinu ile ile? Orodha ya namba, presha, aibu? Jibu langu ni kwamba tofauti ipo: mbunge aliomba kazi ya kupigiwa simu na mwananchi, mama hakuomba chochote. Lakini tofauti hiyo inasimama tu kama tunaishia kwa mbunge. Ikivuka hadi kwa mtoto wake ama mzazi wake, basi sisi tumekuwa ile apu.

19. Sasa turudi kwa ahadi ya "apu ya vijana", hasa ile ya kusajili wapiga kura. Takwimu tunazijua: IEBC mwishoni mwa 2021 ililenga wapiga kura wapya milioni 6 kwa mwezi mmoja, ikapata kama milioni 1.5. Kwa daftari la 2022 vijana walikuwa karibu asilimia 40 ya watu milioni 22.1, na idadi yao ilipungua kwa zaidi ya asilimia 5 ukilinganisha na 2017. Mtu anaona hizo namba anasema: si tufanye kila kitu kwa simu? Mkopo ni dakika nne, kwa nini kura ni wiki?

20. Swali ni la haki, lakini tumia kipimo chetu. Hatua ya alama za vidole inamlinda nani? Rudi 2008. Tume ya Kriegler, iliyochunguza uchaguzi wa 2007, ilisema daftari lilikuwa na majina ya watu kama milioni 1.2 waliokwisha kufa. Hiyo hatua ya kwenda mwenyewe na vidole vyako inakulinda wewe dhidi ya marehemu anayepiga kura. Mimi singeiondoa haraka hivyo. Lakini kungoja kitambulisho miezi kunamlinda nani? Kutafuta nauli hadi ofisi ya eneo bunge kwa sababu msimu wa usajili mkubwa umepita kunamlinda nani? Hapo sioni mlinzi. Naona foleni tu. Na foleni haihitaji apu, inahitaji mashine ije chuoni, sokoni, stejini.

21. Kwa hivyo mtu akikuahidi apu kwa mjadala ujao, awe wa upande wako ama wa ule mwingine, muulize mambo matatu. Moja, unaondoa hatua gani? Kama hawezi kuitaja, hana apu, ana bango. Mbili, hatua hiyo ilikuwa inamlinda nani, na sasa atalindwa na nini? Tatu, nikikosea, nani mwingine atalipa? Hili la tatu ndilo ningepaswa kuuliza nikiwa nimelala kwa kile kitanda.

22. Na yule wa upande wa pili, anayesema simu imetuharibu, naye ana swali lake. Kama kijana alikimbilia apu inayomnyonya, alikuwa anakimbia nini? Mimi nilikuwa nakimbia aibu ya kuomba. Benki isingeniangalia, nyumbani hakukuwa na kitu, na rafiki zangu walikuwa kama mimi. Apu ilikuwa kitu cha kwanza kuniambia ndiyo. Kunikemea kwa hilo hakuondoi njaa iliyokuwepo.

23. Mama bado yuko kwa kile chama. Mwaka jana nilimwomba anieleze wanavyokopeshana. Alisema mkopaji anasimama, anasema anataka ngapi na ya nini, halafu wawili wanajitolea kumdhamini, na kama hakuna anayeinua mkono, pesa haitoki. Nikamwambia hiyo ni hatua nyingi sana. Akasema, "Ndiyo. Na hakuna mtu amewahi kuitwa mwizi." Si kweli kabisa, kwa sababu mtu mmoja aliitwa, na ni mimi. Lakini aliyeniita hakuwa mwanachama.

Mwisho wa uzi. Kama una mfano wa hatua iliyoondolewa, ama ya ile ungependa irudishwe, weka hapa chini. Tusitaje majina ya wanasiasa, tunajua itaishia wapi.